Muulize Mwalimu wa Farasi: Nimuuzeje farasi mpole anayejua kazi nyingi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina farasi dume aliyehasiwa, wa kahawia, mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Ana umri wa miaka 13, na nimekaa naye tangu akiwa na miaka sita. Wanangu wawili wamejifunzia kupanda juu yake. Mimi mwenyewe huenda naye porini mchana kutwa, anavuka mito, anaruka vizuizi vya sentimita 80 bila kusukumwa, na ukimfunga gari dogo analivuta. Sasa watoto wamekua wameondoka, na mimi mgongo umeanza kunisumbua. Hakuna wa kumpanda, namwona anakaa tu. Nimeamua kumuuza, na nimetangaza hivi: "Farasi mpole sana, anafanya kila kitu, anafaa kila mtu, hana kasoro." Wamekuja watu watatu. Mmoja alisema ni mzee. Wa pili alimpanda, akashuka akasema mvivu. Wa tatu aliondoka hata bila kumpanda. Mume wangu ananiambia nisitaje kwamba miaka miwili iliyopita alipata msokoto wa tumbo (alipona kwa dawa, hakupasuliwa), wala kwamba hapendi kuachwa peke yake. Nifanyeje nimpate mtu atakayemthamini?
— Mama wa Farasi wa Kahawia

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na tangazo lako, maana ndilo linalokuletea wageni wasio wako. Maneno "mpole sana" yamo karibu katika kila tangazo la farasi, la kweli na la uongo. Anayetafuta farasi ameyasoma mpaka yamemchosha, hayamwambii lolote tena. Anachotaka kujua ni mpole akiwa wapi, akiwa na nani mgongoni, na siku aliyoshtuka alifanya nini. Kushtuka, kila farasi hushtuka. Huyu ni mnyama aliyezoea kuwindwa. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, anaona karibu pande zote isipokuwa nyuma ya mkia wake na hapo mbele kabisa ya paji. Farasi mpole na farasi mwoga hutofautiana kwa kile kinachofuata mshtuko. Mmoja anasimama, anainua kichwa, anatazama, kisha anashusha pumzi na kuendelea. Mwingine anageuka na kutimka, na aliyempanda anajikuta chini. Andika kinachofuata mshtuko kwa farasi wako, na mnunuzi mwenye akili atakupigia simu siku hiyohiyo.

"Anafaa kila mtu" nalo lifute. Yule bwana aliyemwita mvivu hakuwa mtu wako, lakini tangazo ndilo lililomwita. Alikuwa anatafuta farasi wa kasi, akasoma "kila mtu", akajihesabu humo. Farasi aliyefundisha watoto amejifunza kupuuza visigino vinavyogongagonga mbavuni bila maana yoyote. Anasubiri agizo lililo wazi ndipo aende. Tabia hiyo ndiyo iliyowaweka wanao juu ya tandiko siku walizokuwa wakiyumba huku wamevuta vigwe na kupiga mateke kwa pamoja. Mwenye mguu mzoefu anaweza kuichukia, ila mwanafunzi aliyeanza mwezi uliopita anaihitaji kuliko chochote. Kwa hiyo iseme tabia hiyo kwa jina lake, na useme inamfaa nani.

Hata hivyo, kabla hujaiita tabia, hakikisha si maumivu. Nalisisitiza hili kwa kila anayeniuliza kuhusu farasi mtulivu, kwa sababu farasi anayeumwa, aliyechoka, mwenye njaa au mwenye upungufu wa maji huonekana mtulivu sana kwa jicho lisilozoea. Utulivu wa afya una dalili zake: masikio yanazungukazunguka yakifuata sauti, jicho ni laini lakini liko macho, anatafuna, anavutiwa na mgeni, anakuja kunusa. Mwenye maumivu anatazama bila kuona, masikio yamelala pembeni, pua imekazwa, na hatua zake ni fupi. Mwombe mtu amkimbize polepole, kwa mwendo wa telki, kwa kamba iliyolegezwa, kwenye ardhi ngumu na kwa mstari ulionyooka, wewe usimame mbele yake. Tazama kichwa. Farasi mwenye mguu wa mbele unaouma huinua kichwa pale mguu ule unapokanyaga, na kukishusha anapokanyaga mzima. Kisha pitisha vidole pande zote mbili za uti wa mgongo, ukibonyeza kiasi. Akizama chini ya mkono au akikaza mgongo, chunguza tandiko. Vinyweleo vyeupe vinavyoota katika nundu ya mabega, kwa farasi wa kahawia, ni alama ya tandiko lililobana pale siku zilizopita. Ukikuta lolote, liangaliwe kwanza. Ni afadhali uligundue wewe sasa kuliko daktari wa mnunuzi siku ya kuuzia.

Haya, tangazo. Ningeliandika namna hii. Mengine nimeyaweka kwa kukisia, kwa hiyo futa kila neno ambalo hukuliona kwa macho yako mwenyewe:

"Farasi dume aliyehasiwa, kahawia, doa jeupe kwenye paji. Miaka 13, yuko nasi tangu akiwa na sita. Urefu sentimita 152 penye nundu ya mabega, uzito kama kilo 440. Anakamatwa malishoni bila kukimbizwa. Anasimama akipandwa, anatoa kwato zote nne, anaingia kwenye trela. Porini hutembea mbele, katikati au nyuma ya kundi. Akishtuka husimama na kutazama, nasi hajawahi kugeuka na kukimbia. Huvuka mito. Huruka sentimita 80 kwa raha. Huvuta gari dogo. Amefundisha watoto wawili, kuanzia kuongozwa kwa kamba hadi kukimbia wenyewe. Hana haraka, anahitaji kuambiwa wazi, hamfai anayetaka kasi. Hapendi kuachwa zizini peke yake: huita na kuzunguka. Miaka miwili iliyopita alipata msokoto wa tumbo mara moja, akapona kwa dawa. Anatafutiwa familia, au mtu mzima anayeanza, mahali penye farasi wengine. Daktari wa mnunuzi anakaribishwa."

Uzito nimeutaja kwa makusudi, kwa kuwa kwa farasi wa familia ni swali la kwanza hata kama mnunuzi anaona haya kuliuliza. Huhitaji mizani. Chukua utepe wa kupimia, uzungushe kifua nyuma tu ya miguu ya mbele, upate sentimita. Kisha pima urefu kuanzia ncha ya bega hadi ncha ya tako. Zidisha mzunguko wa kifua kwa wenyewe, zidisha tena kwa urefu, halafu gawanya kwa 11,880. Jibu ni kilo. Farasi mwenye kifua cha sentimita 180 na urefu wa 160 anapata kilo 436. Sasa chukua asilimia 20 ya hapo: kilo 87, tandiko likiwemo. Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2008 uliowapakia farasi mizigo ya asilimia 15, 20, 25 na 30 ya uzito wao. Kwenye 25 na 30 mapigo ya moyo yalipanda zaidi na misuli ikauma na kukaza baadaye. Ndiyo maana wengi wetu tunasimamia kwenye 20, na chini ya hapo kama farasi ana umri au viungo vimeanza kukakamaa. Waulize wanunuzi uzito wao kwenye simu, kwa adabu na bila kuzunguka, kabla hawajafunga safari.

Kuhusu "mzee", mwambie anayesema hivyo kwamba farasi Valegro alishinda dhahabu ya mwendo wa madaha (dressage, mashindano ya miendo ya farasi aliyefunzwa) kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012, akaishinda tena Rio mwaka 2016 akiwa na Charlotte Dujardin mgongoni, na safari hiyo ya pili alikuwa na umri wa miaka 14. Farasi anayetunzwa vizuri huishi miaka 25 hadi 30, na kazi nyepesi anaifanya mpaka uzeeni. Kwa anayejifunza, mimi humshauri atafute farasi mwenye miaka 10 hadi 18. Mtoto wa farasi na mwanafunzi wa kupanda hawapaswi kufundishana, kila mmoja humtia mwenzake hofu. Miaka 13 kwa farasi wako iandike mbele, usiifiche katikati ya maneno. Na kama hana cheti cha kuzaliwa, mtu makini atamfungua mdomo: meno ya mbele ya ukubwani yanakuwa yameota yote kufikia miaka 5, na jino la pembeni la juu huanza kuonyesha mfereji wa rangi karibu na ufizi kwenye miaka 10 hivi, ukafika katikati ya jino karibu na 15. Ni makadirio, lakini yanatosha kumkamata anayesema 9 kwa farasi wa 17.

Sasa mume wako. Naelewa anataka mauzo yaende haraka, lakini ushauri huu unaweza kumuua farasi, nalisema bila kupunguza. Aliyewahi kupata msokoto wa tumbo anahitaji chakula kibadilishwe kidogo kidogo, kwa siku 7 hadi 14, achanganyiwe cha zamani na kipya, na maji yasikose hata saa moja. Mnunuzi anayejua atafanya hivyo. Asiyejua atamfikisha nyumbani jioni, amjazie ndoo ya nafaka mpya kwa furaha ya kumpokea, na usiku farasi ataanza kujitazama ubavuni, kuparua ardhi na kujilaza na kuinuka. Hapo utajisikiaje? Na lile la kuachwa peke yake litajulikana siku ya kwanza, wewe utake usitake. Mnunuzi mwenye farasi wengine wala halitamsumbua. Mwenye zizi tupu atajiondoa mwenyewe, na hilo ni jema kwenu nyote watatu. Tangazo linalotaja kasoro mbili za kweli linafanya sifa kumi zilizobaki ziaminike. Nimeliona likifanya kazi tena na tena.

"Anafanya kila kitu" nako kuna mtego. Farasi wa kazi nyingi ndiye ninayempenda kuliko wote, na nakubaliana nawe kwamba ni vigumu kumpata. Lakini mnunuzi atakuuliza swali moja tu: lini mara ya mwisho? Gari hilo amelivuta mwaka huu, au ni kumbukumbu ya wanao wakiwa wadogo? Kazi ambayo farasi hajaifanya kwa miaka anaweza kuikumbuka vizuri tu, ila mwili umeiacha, misuli imepungua, na mikanda inaweza kumkwaruza pale isipomkwaruza zamani. Kabla ya kutangaza, mpitishe tena polepole katika kila kazi uliyoitaja, na ile utakayoona haimkai tena iondoe. Kisha mwombe mtu apige video moja ndefu isiyokatwa: unaingia malishoni, unamkamata, unampiga brashi, unainua kwato, unamtandika, unapanda, unatembea, telki, mbio za taratibu, kizuizi kimoja, unashuka, unamfungua. Video ya aina hiyo inaonyesha utulivu kuliko picha yoyote ya kupendeza, hasa pale kwenye kupandwa, ambapo farasi wengi wasiotulia huanza kusogea kabla mguu wa pili haujavuka mgongo.

Siku mgeni anapokuja, mwache farasi malishoni. Usimfanyishe kazi asubuhi ili "atulie", wala usimweke tayari na tandiko. Mnunuzi aliyefundwa akikuta farasi ana jasho lililokauka chini ya ukanda wa tumbo ataondoka, na ana haki. Huenda ndivyo ilivyokuwa kwa mgeni wako wa tatu: fikiri alikuta nini alipofika. Mwache aone unavyomkamata. Panda wewe kwanza, au mtu mwingine akupandie kama mgongo haukuruhusu, mgeni atazame miendo yote. Kisha yeye, akiwa na kofia ngumu, ndani ya uwanja uliozungushiwa. Akiridhika na wewe ukiridhika, wakatembee nje, farasi mwingine akiwa pamoja naye, halafu peke yake.

Nimesema na wewe ukiridhika. Mtazame mgeni kama anavyomtazama farasi wako. Anamkaribia kwa bega au anamvamia usoni? Anasema naye kabla ya kumgusa nyuma? Akipanda, mikono yake inafuata kichwa cha farasi au imening'inia kwenye vigwe? Muulize nani atampanda, atalala wapi, ana farasi wengine wangapi, fundi wa kwato ni nani, na siku akikwama nani atamsaidia. Asipokuwa na jibu la swali la mwisho, mimi nisingemuuzia anayeanza. Kumwambia mtu "huyu hakufai" hakukuzuii kumpa chai, na farasi ni wako mpaka siku unapotia saini.

Mwisho wa yote ni daktari wa mifugo, achaguliwe na mnunuzi, na asiwe yule anayemtibu farasi wako siku zote. Atasikiliza moyo akiwa ametulia, ambapo kwa farasi mzima hupiga mara 28 hadi 44 kwa dakika, na tena baada ya mbio. Atatazama macho gizani, atakunja kila mguu kwa muda mfupi kisha aombe farasi akimbizwe telki palepale. Mara nyingi atachukua damu ikahifadhiwe, ili baadaye ikitokea shaka ya dawa ya kutuliza au ya kuficha maumivu ipimwe. Jitolee mwenyewe damu hiyo ichukuliwe, usingoje kuombwa. Mpe rekodi za chanjo ya pepopunda, za dawa ya minyoo, za meno, na karatasi ya daktari aliyetibu ule msokoto. Kuna wanunuzi wanaoamua kwa karatasi hiyo moja.

SWALI: Mwalimu, nimenunua farasi jike aliyeuzwa kwangu kama "mpole wa mtu anayeanza", na mimi ndiye ninayeanza. Wiki ya kwanza na ya pili alikuwa malaika. Sasa ni ya nne: hasimami nikimpanda, nikikaza ukanda wa tumbo anageuka kuniuma, na juzi alitimka nami kutoka mlangoni mwa zizi. Nampa ndoo ya nafaka asubuhi na jioni ili apate nguvu, nampanda Jumamosi na Jumapili, siku nyingine yuko zizini peke yake. Tandiko ni lile nililokuwa nalo. Nadhani aliuzwa kwangu amepewa dawa. Nimrudishe?
— Nimechanganyikiwa

JIBU: Pole sana. Kuogopa farasi uliyempenda kunaumiza, na usiendelee kumpanda mpaka haya yatazamwe.

Dawa si jambo la kwanza ninalolifikiria hapa. Dawa nyingi za kutuliza wanazotumia wadanganyifu huisha kwa saa, ingawa zipo chache zinazodumu kwa wiki, kwa hiyo mtajie daktari shaka yako. Farasi aliyepewa huinamisha kichwa, ngozi ya ndani ya jicho hujitokeza kwenye kona, miguu ya nyuma hulegea, na dume uume huning'inia nje. Nyingi za maumivu hudumu siku chache. Farasi aliyekuwa mpole kwa wiki mbili nzima kisha akabadilika kidogo kidogo, anakuambia kitu kimebadilika kwake. Na katika barua yako vimebadilika vyote: chakula, kazi, wenzake, tandiko na mpandaji.

Nafaka ipunguze kuanzia kesho, polepole, mpaka iishe au ibaki konzi, kama daktari hajasema vinginevyo. Farasi wa kazi nyepesi anaishi kwa majani. Majani makavu ya asilimia 1.5 hadi 2 ya uzito wake kwa siku yanamtosha, ila yagawanywe ili tumbo lisikae tupu kwa muda mrefu. Tumbo la farasi hutoa asidi mchana na usiku, awe anakula au hali. Ukimpa ndoo mbili za nafaka na saa nyingi za kusimama bila kutafuna, asidi hiyo inachoma, vidonda vinaweza kutokea, na kinachogusa eneo lile, kama ukanda wa tumbo unaokazwa, kinamfanya aume. Kwa hiyo kabla hujamwita mkorofi, mwite daktari amkague tumbo, meno na mgongo, na mtu anayejua matandiko atazame lile lako. Tandiko linalomkaa farasi mmoja halimkai mwingine kwa sababu tu ukubwa unafanana.

Kisha umtafutie mwenzake, na umtoe zizini kila siku. Hili lina upande ambao wengi hawaufahamu. Farasi husinzia akiwa amesimama, lakini usingizi wake mzito, ule wa ndoto, anaupata akilala chini tu, na hataki kulala chini mahali asipojiona salama. Akikaa peke yake katika zizi geni, anaweza kupitisha usiku kadhaa bila kulala chini hata kidogo. Mchana anakuwa na hasira, na wengine magoti hukunjika ghafla wakisinzia. Mtazame sehemu ya mbele ya vifundo vya miguu ya mbele kama ina michubuko, na mkiani na ubavuni kama kuna nyasi za kulalia. Asubuhi ukimkuta msafi kila siku, hajalala.

Lililobaki ni wewe, na nalisema kwa upendo. Mwanzoni mwa karne iliyopita, mjini Berlin, palikuwa na farasi aliyeitwa Hans. Mwenye naye, Wilhelm von Osten, aliamini amemfundisha hesabu: unamuuliza, naye anagonga kwato mpaka jibu sahihi. Mwaka 1907 mwanasaikolojia Oskar Pfungst alionyesha kwamba Hans hakuwa akihesabu. Alikuwa akisoma vijitikisiko vidogo vya kichwa na mwili wa muulizaji, ambavyo muulizaji mwenyewe hakujua anavifanya. Muulizaji asipojua jibu, au Hans asipomwona, alishindwa. Farasi wako ana macho hayohayo na ngozi inayohisi nzi akitua. Tangu alipokushtua, unapanda ukiwa umebana pumzi na umeshika vigwe vifupi, naye anaona mtu wa mgongoni ameogopa, basi lazima kuna cha kuogopa. Mtafute mwalimu awe nawe uwanjani kwa muda, afanye kazi naye wewe ukitazama, kisha wewe juu na yeye ameshika kamba.

Na mpigie simu aliyekuuzia. Usianze kwa kumlaumu, muulize: alikuwa akila nini, alipandwa mara ngapi kwa wiki, alikaa na nani, tandiko lake lilikuwa lipi? Muuzaji mkweli atafurahi kuulizwa. Rudisha maisha yake ya zamani kwa kadiri unavyoweza, mpe wiki kadhaa. Akibaki hivyohivyo baada ya daktari kumkagua, hapo ndipo mazungumzo ya kumrudisha yaanze, kwa mujibu wa mlichoandikiana.

SWALI: Mnunuzi anataka kumchukua farasi wangu wiki mbili kwa majaribio kabla ya kulipa. Anaonekana mtu mwema. Nikubali?
— Msomaji

JIBU: Inategemea maandishi, wema wake hautoshi. Mimi hupendelea yeye aje kwako mara kadhaa, kwa saa tofauti, mara nyingine bila kutangaza sana, amkamate na kumtandika mwenyewe. Hapo anajifunza mengi na farasi hasumbuki.

Kama ni lazima amchukue, mtie saini kwanza. Andikeni tarehe ya kumchukua na ya kumrudisha, mahali atakapokaa, nani tu ataruhusiwa kumpanda na kwa kazi gani, atakula nini, na nani analipa akiumia, akiugua au akifa. Akupe malipo yote au sehemu kubwa yakae kwako au kwa mtu mnayemwamini wote wawili, na mwandike yatarudishwa lini na kwa hali gani. Bima iwe hai kabla trela halijaondoka, na isomeni kama inamfunika farasi akiwa mikononi mwa mtu ambaye bado si mmiliki. Nenda ukaone zizi lake kabla. Mpige farasi picha pande zote na miguu yote siku anapoondoka, na namba ya chipu ya utambulisho iliyo chini ya ngozi ya shingo, kama anayo, iandikwe kwenye mkataba.

Mpelekee pia gunia la chakula alichozoea, na karatasi ya ratiba yake ya siku. Halafu usimpigie mnunuzi kila saa, ila mkubaliane siku mbili utakazokwenda kumwona.